Ziwa Lililopungua kwa Usiku Mmoja

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, mimi hukagua. Huhesabu vipande vya mkate vilivyobaki kwenye mfuko, huangalia sukari imefika wapi kwenye kopo, na huchungulia kama soksi zangu ziko pale nilipoziacha jana. Si kwamba nyumbani kwetu kuna wezi. Tunaishi wawili tu, mimi na mama. Lakini vitu hupotea, na asiyeangalia ndiye wa mwisho kujua. Kwa tabia hiyo mama alinipa jina la Mkaguzi, na jina likanifuata mpaka darasa la sita, ambako walilipokea kwa mikono miwili.

Mama ni msoma kipimo wa idara ya maji. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni hushuka ziwani, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, akasoma ubao mrefu wenye alama za sentimita uliosimamishwa majini. Namba anayoiona huiandika kwa penseli katika daftari lenye jalada la plastiki, maana wino ukilowa hutapakaa. Kisha hupiga simu ofisini na kuitaja. Niliizoea kazi hiyo kiasi kwamba sikuwahi kuuliza lolote. Nilijua tu kwamba mama hurudi na viatu vyenye tope, na kwamba daftari lake haliguswi na mikono yenye mafuta.

Mwezi huo mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya ukutani. Tulitakiwa kuyapanga maziwa saba ya mkoa wetu kwa ukubwa, kuanzia kubwa hadi dogo, kwenye ukuta wa baraza mbele ya darasa. Kila wanafunzi wawili walipewa ramani ya ziwa moja na karatasi nyembamba yenye miraba. Mraba mmoja ulikuwa sawa na kilomita moja ya mraba. Tulilazimika kulichora ziwa juu ya miraba, kuihesabu, kisha kulikata umbo lake katika karatasi ya buluu na kulibandika pamoja na kadi ya namba.

"Mraba uliojaa maji, hesabu moja," mwalimu alisema. "Uliojaa zaidi ya nusu, hesabu moja. Chini ya nusu, uache. Msiuonee huruma mraba wowote."

Ijumaa ya wiki iliyofuata wazazi wangekuja kuiona kazi hiyo, na katika kila kundi mmoja angesimama kueleza. Mimi na mwenzangu tulipewa ziwa letu wenyewe, hili la hapa nyumbani. Mwenzangu huyo tulimwita Kifutio, kwa sababu hufuta kazi yake mpaka karatasi inatoboka, ili mradi jibu liwe sahihi. Ni kijana wa maneno machache. Ukimfokea, hunyamaza kabisa, na unaweza kungoja jibu mpaka kengele ilie. Tulipopiga kura ya nani ataeleza Ijumaa, ilimwangukia yeye. Nilidhani angekataa. Badala yake alitabasamu wiki nzima. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, hakuwahi kufika kwenye kikao chochote cha shule, na safari hii alikuwa amekwisha omba ruhusa kazini.

"Baba amesema atakuja," Kifutio aliniambia Jumatano. Aliniambia tena Alhamisi, na mara ya tatu Ijumaa. Kwa mtu wa maneno machache, hiyo ilikuwa hotuba.

Tatizo lilikuwa Bondia. Bondia ni msichana mfupi ambaye hajawahi kupigana na mtu, ila hukunja ngumi anapofikiri. Kundi lake lilipewa ziwa la kreta, lile la mviringo kule milimani, nao walipata kilomita thelathini na nane. Alipita mbele ya dawati langu akiwa na kadi yake mkononi.

"Sisi tuna ziwa," alisema. "Nyinyi mna bwawa. Ziwa gani lina tuta la udongo lililojengwa na watu? Hilo ni beseni kubwa."

Darasa zima lilicheka. Sikusahau.

Jumapili nilikaa mezani nikahesabu miraba peke yangu, kwa kuwa sikumwamini Kifutio na hesabu. Nilipata thelathini na saba. Nikahesabu tena, nikapata thelathini na saba. Mmoja tu pungufu ya Bondia! Niliitazama ile miraba ya pembeni, ile iliyoguswa kidogo tu na maji. Mmoja ulikuwa karibu na nusu, ukiutazama kwa jicho moja. Niliuonea huruma. Kisha nikauonea huruma wa pili, maana ungejisikiaje kubaguliwa? Nilipomaliza kuhurumia, ziwa letu lilikuwa na kilomita arobaini na moja. Sikuiita kazi hiyo uongo. Niliiita marekebisho.

Jumatatu mchana tulibandika. Ziwa letu likakaa la nne, la Bondia la tano, na Bondia akakunja ngumi zote mbili. Nilifurahi mno. Kifutio ndiye aliyenisogelea akiwa ameshika ile karatasi ya miraba.

"Mbona mimi nikihesabu napata thelathini na saba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Umekosea, kama kawaida yako," nilimjibu.

"Na hapa juu, upande wa matete, tunahesabu yote kuwa ziwa?"

"Wewe kazi yako Ijumaa ni kusoma kadi tu. Hesabu niachie mimi."

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda zake. Nilimtazama mgongo mpaka alipopotea kwenye kona. Tangu dakika hiyo nikaanza kumshuku.

Jumanne nilifika shuleni mapema, nikakuta baraza limekwisha pigwa deki na ndoo iko pembeni. Wiki hiyo zamu ya usafi ilikuwa ya Kifutio, lakini mwenyewe hakuwepo. Nilikwenda moja kwa moja kulikagua ziwa letu. Halikuwa la nne. Nilitazama la tano, halikuwepo. Lilikuwa la sita, nyuma hata ya ziwa la magadi lenye kilomita thelathini na tano, na umbo lake lilikuwa limekatwa upande wa juu. Kadi yangu ya 41 ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palibandikwa kadi mpya yenye namba 34.

Jana jioni ziwa lilikuwa na kilomita arobaini na moja, leo asubuhi limepungua saba, na wala hakukuwa na jua la kulikausha. Niliisogelea kadi mpaka pua ikakaribia kuigusa. Haukuwa mwandiko wa Kifutio. Tatu ya kadi ile haikuwa na kichwa cha duara. Juu ilikuwa bapa, kama mtu amechora dari kwanza ndipo akashusha mkia. Nne nayo ilikuwa wazi juu. Nilijua nimewahi kuiona tatu ile mahali fulani, lakini sikukumbuka wapi.

Nilianza uchunguzi. Nilimwomba Bondia daftari lake kwa kisingizio cha kunakili tarehe. Tatu zake zilikuwa za duara, nono kama maandazi. Mwenzake Bondia naye alikuwa na tatu za kawaida. Nilimshuku mwalimu mwenyewe kwa dakika mbili nzima, nikatazama tatu zake ubaoni, nikamwachilia. Kila mtu aliyepita barazani nilimwangalia vidole kama vina gundi.

Ndipo nilipouona mfuko wa Kifutio juu ya dawati letu. Najua kwamba mfuko wa mtu haufunguliwi. Nilijua hata siku ile. Niliufungua. Ndani ya daftari lake la hisabati, katikati kabisa, kulikuwa na vipande vitatu vya karatasi ya buluu, vilivyokatwa kwa uangalifu. Nilivishika. Nilivinyanyua juu ili wote wavione. Sikuvigeuza.

"Nimemkamata," nilisema. "Aliyelikata ziwa letu ni Kifutio."

Kifutio aliingia akihema. Alikuwa amekimbia kumpeleka mdogo wake chekechea, kama afanyavyo kila siku. Alikuta darasa zima limesimama, vipande viko mkononi mwangu, na mwalimu yuko mlangoni.

"Ni wewe uliyebadilisha kazi ukutani?" mwalimu alimwuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilitaka kumwambia asubuhi," Kifutio alisema, akinitazama.

"Kuniambia nini?" nilipaza sauti. "Umekata kazi ya watu! Umemsaidia Bondia! Amekupa nini?"

"Mimi nimempa nini?" Bondia aliruka. "Mimi hata simjui vizuri!"

Kifutio alifungua mdomo, akaufunga. Nilijua angeufunga. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba nilijua kabisa ukimfokea hunyamaza, nami nikafoka.

Mwalimu alisubiri. Aliuliza mara mbili, na hakupata jibu. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba hakuna mtu anayegusa kazi ya ukutani bila mwenzake kujua. Alivichukua vile vipande, akavitia kwenye bahasha ndani ya droo yake, akasema kwamba Ijumaa nitaeleza mimi. Kisha akaniambia nirudishe kadi yangu. Mwalimu hakuhesabu miraba siku hiyo. Aliniamini.

Kifutio aliketi. Hakulia wala hakulalamika. Alichukua penseli akaanza kufuta kitu kwenye daftari, na baadaye nilipochungulia niliona ni hotuba aliyokuwa ameiandika ya Ijumaa.

Ungedhani nililala kwa raha baada ya hapo. Wapi! Arobaini na moja ilikuwa imerudi ukutani, nami nikageuka mlinzi wake. Wakati wa mapumziko sikwenda kucheza. Mtoto wa darasa la pili alisimama akionyesha ziwa letu kwa kidole, nikamfukuza, nikidhani anahesabu. Bondia alipita na rula, nikasimama mbele ya kadi. Mwalimu alisimama mbele ya kadi yangu akikuna kidevu, nami sikuondoa macho kwake mpaka akaondoka. Kila jicho lililotua kwenye karatasi ile ya buluu niliona linanijua. Kifutio hakunisemesha. Alihamishia kiwiko chake mwisho wa dawati, na katikati yetu pakabaki nafasi ya mtu wa tatu.

Jumatano jioni mama alirudi kutoka ziwani, tukala, akaanza kuosha vyombo. Mikono yake ilikuwa na povu.

"Mkaguzi, hebu nifungulie daftari," alisema. "Nisomee namba za wiki hii, nataka kuona maji yanashuka kwa kasi gani."

Nilifuta vidole kwa kitambaa, nikafungua. "Jumatatu asubuhi, mita moja na sentimita thelathini na nne," nilisoma. "Jumatatu jioni, mita moja na sentimita..."

Ukurasa mzima ulikuwa umejaa tatu zenye dari bapa. Nne zote zilikuwa wazi juu.

"Endelea," mama alisema.

"Mama, kwa nini unaandika tatu hivi?"

"Ili isigeuke nane. Kwenye mvua, tatu ya duara ikichafuka kidogo inasomeka nane, na ofisini wanadhani kuna mafuriko. Kazini ndivyo tulivyofundishwa."

Nilimtazama kwa macho ya Jumanne, yale ya kushuku. "Ulikuja shuleni kwetu?"

"Nije kufanya nini? Mwenzako ndiye aliyekuja kwangu." Aliweka sahani kwenye kichanja. "Yule kijana mpole. Jumatatu jioni alinikuta kwenye kipimo, ameshika karatasi ya miraba, anauliza kama matete ni ziwa. Tulihesabu pamoja mpaka giza likaanza kuingia. Mikono yake ilikuwa bado imejaa gundi ya mchana, basi mimi nikamwandikia kadi. Nikamwambia, mngoje mwenzako asubuhi, mwonyeshe, ndipo mbandike pamoja. Kwani hakukwambia?"

Mama aligeuka akaniangalia vizuri.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nilisema, na mara moja nikajua hakuniamini. Sote wawili ni wakaguzi, ila yeye hulipwa.

Mama hakunibana. Alikausha mikono, akasema tu kwamba kesho asubuhi nitashuka naye ziwani.

Alhamisi tulifika kwenye kipimo jua likiwa bado halijachomoza vizuri. Mama alichuchumaa kwenye ubao wa daraja dogo, akasogeza uso karibu na maji, akasoma, akafumba macho, akasoma tena. Ndipo alipoandika. Nilimwona akifanya hivyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ingawa amefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa.

"Haya," alisema akisimama. "Wewe umechora ziwa hili kwa mstari mmoja. Nionyeshe mstari huo uko wapi."

Nilitazama. Mbele yetu kulikuwa na maji wazi. Upande wa juu maji yaliingia ndani ya matete, na matete yakaingia kwenye tope, na tope likaingia kwenye nyasi walizokuwa wanakula mbuzi. Sikuona mstari popote.

"Wakati wa mvua maji hufika kwenye ile nguzo ya umeme," mama alisema. "Kiangazi hurudi mpaka pale kwenye jiwe jeupe. Ndani ya matete yale, miezi minne kwa mwaka unapita kwa miguu, wala hulowi magoti. Sasa pale ni ziwa au si ziwa?"

"Sijui."

"Hata ofisini kwetu wanabishana. Mmoja anapima maji wazi tu, anapata thelathini na nne. Mwingine anaingiza matete, anapata thelathini na saba. Wote wawili ni wakweli, ili mradi waseme wamepima nini na wamepima lini."

"Bondia anasema hili ni bwawa," nilisema. "Kwa sababu ya tuta."

Mama alicheka. "Maji haya yalikuwepo kabla ya tuta. Lilijengwa ili yasimwagikie mashambani. Mimi naliita ziwa. Akija mtaalamu mwingine akaliita bwawa, tutakaa tubishane naye vizuri. Hakuna alama iliyochorwa duniani kwamba maji yakifika hapa, sasa ni ziwa. Na ukubwa wenyewe, mnasema ukubwa wa nini? Wa uso? Kwa uso, ziwa la kreta linalizidi letu kidogo tu, lakini kina chake ni kirefu mno. Kwa wingi wa maji, letu ni kikombe mbele yake."

Alifunga daftari, akalitia kwapani.

"Thelathini na nne naijua," alisema. "Thelathini na saba naijua. Arobaini na moja imetoka wapi? Kijana yule aliniambia ndiyo iliyokuwa ukutani."

Nilitazama viatu vyangu, ambavyo sasa vilikuwa na tope kama vya mama. Kisha nikamweleza yote, kuanzia mraba wa kwanza niliouonea huruma mpaka mfuko nilioufungua. Nilimweleza kuhusu hotuba iliyofutwa na kuhusu fundi aliyeomba ruhusa kazini. Nililia, na sikujali mbuzi walionitazama.

Mama alikuwa na hasira. Nilijua kwa sababu sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Umemkalia mtoto wa watu kooni kwa siku mbili, na jibu liko mezani kwako kila jioni," alisema. "Ungeuliza neno moja tu. Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kwamba ungeulizwa na wewe." Aliniinua kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Kukagua si vibaya, mimi nakula kwa kukagua. Lakini umeniona hapa. Huanza na jicho langu mwenyewe, nasoma mara mbili, kwa sababu mtu wa kwanza anayeweza kukosea ni mimi. Wewe ulikagua mifuko ya watu wote ukaruka wa kwako. Ulikuwa unaficha kitu, ndiyo maana uliona kila mtu anaficha. Nenda ukairekebishe leo, kabla ya kesho."

Kutoka ziwani hadi shuleni njia ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nilimkuta mwalimu mezani kwake, nikaomba kusema mbele ya darasa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakapotea yote. Nilisema hivi tu:

"Arobaini na moja nilitia chumvi mimi. Ramani ina thelathini na saba. Kifutio aliniambia Jumatatu, nikamwambia amekosea. Pia nilifungua mfuko wake bila ruhusa."

Bondia alikunja ngumi, akazikunjua. Mwalimu alivuta droo, akaitoa ile bahasha, akavimwaga vipande vitatu vya buluu mezani. Kimoja kilianguka kifudifudi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi madogo ya penseli, yaliyofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Mwalimu alisoma kwa sauti:

"Matete, kilomita tatu. Usitupe. Mwonyeshe Mkaguzi, aamue yeye."

Nilikuwa nimevishika vipande hivyo kwa mkono wangu mbele ya darasa zima. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Kwa nini hukusema?" mwalimu alimwuliza Kifutio.

"Nilianza, mwalimu," Kifutio alijibu. "Halafu kelele zikawa nyingi. Lakini na mimi nilikosa. Nilitakiwa kumngoja. Niliona tutanakili namba kipindi cha kwanza, nikaogopa wote watanakili makosa, ndiyo nikabandika, nikakimbia kumpeleka mdogo wangu."

Mwalimu alifunga droo. "Basi na mimi nina langu," alisema. "Nilikuwa na nakala ya miraba mezani, nikasikiliza aliyesema kwa nguvu badala ya kuhesabu. Kesho anaeleza Kifutio."

Wakati wa mapumziko nilimwomba Kifutio msamaha. Alifikiri kwa muda mrefu, nikawa na hakika atanyamaza.

"Mfuko usifungue tena," alisema hatimaye.

"Sifungui."

"Hotuba niliifuta yote."

"Nitakusaidia kuiandika."

"Hapana," alisema. "Wewe utatia chumvi."

Alicheka, nami nikacheka, ingawa nilistahili zaidi ya hapo.

Ijumaa baraza lilijaa wazazi. Fundi alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi na mikono yenye madoa ya moto ambayo hayatoki kwa sabuni. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ndoo ya deki, kana kwamba anaweza kuombwa atoke. Ziwa letu lilikuwa ukutani, la sita, na vile vipande vitatu vya matete vilikuwa vimebandikwa kando yake kwa nafasi ndogo. Kadi ilisomeka: "Maji wazi, 34. Pamoja na matete, 37. Tumehesabu kwenye ramani ya kiangazi." Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo ya kuonyeshea.

Kifutio alieleza polepole. Mama mmoja aliyevaa miwani alinyoosha mkono.

"Makundi mengine yana namba moja," alisema. "Nyinyi mna mbili. Tuamini ipi?"

Nilimwona Kifutio akifungua mdomo na kuufunga. Nyuma, fundi aliinua kidevu kutazama juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyefoka. Tulingoja.

"Zote mbili," Kifutio alisema, "kwa sababu tumewaambia tulivyohesabu. Hao wengine waulizeni walihesabuje."

Watu walicheka, na Bondia akachomoa karatasi yake ya miraba mfukoni haraka haraka akaanza kuikagua. Fundi hakucheka. Alikuwa anajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akimwambia jirani yake ambaye hakuuliza kitu, "Yule ni wangu."

Jumamosi asubuhi nilishuka tena ziwani na mama, safari hii kwa kuomba mwenyewe. Alinipa penseli na daftari. Nilichuchumaa kwenye daraja dogo, nikasogeza uso karibu na maji.

"Mita moja na sentimita thelathini na tatu," nilisema.

"Una hakika?" mama aliuliza.

Nilikuwa nimeiona vizuri kabisa, na Jumapili iliyopita ningeapa. Nilifumba macho, nikayafumbua, nikasogeza uso chini zaidi. Wimbi dogo lilikuwa limepita.

"Thelathini na mbili," nilisema. "Ngoja nisome tena."

Mama alikaa pembeni yangu akangoja.